Mgeni wa Sita Hanywi Maji

Kila alfajiri, kabla jirani hajafungulia redio yake, Chiriku alikuwa ameshaamka. Kazi yake ilikuwa kuwasha jiko la mkaa kibarazani, kubandika birika la chai, kisha kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyosambaa chini ya cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, na hicho hicho kilikuwa sebule, kwa hiyo mgeni akifika alikaribishwa kiti na kuonywa palepale aangalie asikalie pini. Baba yake alikuwa dereva wa malori yaendayo mbali, na wiki hiyo alikuwa safarini.

Chiriku silo jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mdogo wake wa darasa la tatu aliitwa Kibiriti, maana alikuwa mdogo, mwembamba, na ukimgusa tu anawaka. Walilala chumba kimoja, ambacho dirisha lake lilitazama kibarazani.

Asubuhi hiyo Chiriku alikuwa amepiga magoti akipuliza mkaa aliposikia sauti kutoka dirishani. Alidhani mdogo wake anamwita. Akaenda kuchungulia.

Kibiriti alikuwa ameketi wima kitandani. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakumwona mtu.

"Wino umemwagika darajani," alisema polepole, kama mtu anayesoma ubaoni. "Mgeni wa sita hanywi maji. Nimefunga kitabu. Nimefunga, nimefunga, nimefunga..."

Kisha akajilaza na kugeukia ukutani, kimya.

Chiriku alisisimkwa mwili mzima. Alipogeuka alimkuta shangazi yake amesimama nyuma yake, amejifunga shuka, mkono mdomoni. Shangazi huyo, dada yake baba, alikuwa amekuja kwao kwa matembezi ya wiki mbili, na sasa alikuwa akielekea mwezi wa tano.

"Umesikia?" alinong'ona shangazi. "Hiyo si sauti ya mtoto. Hiyo ni sauti ya mtu mwingine inayoazima koo la mtoto."

Mama alitokea akifunga kitambaa kichwani. "Wifi, usiniamshie majirani. Mtoto anaota."

"Anaota maneno yale yale, jana, juzi na leo? Mimi nakwambia, wifi yangu, ni yule mlinzi. Toka afe, kile kiwanda hakina utulivu. Hata mama muuza mkaa amesikia makucha yakikwaruza mlango kwa ndani. Mlango wenye kufuli! Nani anakwaruza?"

Mama aligeuka. Alirudi ndani, na baada ya muda cherehani ikaanza kulia. Lakini Chiriku aliona kwamba mama alikuwa anashona bila kuweka uzi.

Naye Chiriku, ambaye kwa kawaida angekuwa na maneno elfu ya kusema, siku hiyo hakusema hata moja. Alikuwa ameyatambua yale maneno. Hayakuwa ya mzimu wala ya ndoto. Yalikuwa yake. Aliyatunga yeye mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, Chiriku alikuwa amebuni mchezo wa upelelezi akauita Kasri la Kimya. Mchezaji mmoja alikuwa mwizi wa kito cha mfalme, na wengine walimsaka kwa dalili alizoacha. Ili watu wazima wasiwaelewe, kila kitu kilipewa jina la siri. Wachezaji waliitwa wageni. Mtu mzima akikaribia, walisema chumvi imezidi. Damu, goti likichubuka, iliitwa wino. Na kasri lenyewe lilikuwa kile kiwanda cha mashati mwisho wa mtaa, kilichofungwa zamani, ambacho mama aliwakataza wasikaribie hata kwa kutazama.

Mlinzi wa kiwanda hicho aliitwa Mzee Kufuli, kwa jinsi alivyotembea akiliza funguo kiunoni. Mwaka uliopita alikutwa asubuhi amefariki kitini pake, getini. Wiki chache baadaye, Chiriku aliongeza sheria mpya ya mchezo, kwa kuwa aliona wadogo wanavujisha siri. Aliiita kufunga kitabu. Ukishafunga kitabu, hutasema kamwe. Na akaongeza, kwa sauti ya kukwaruza, macho kayatoa: "Atakayefungua kitabu, Mzee Kufuli atamjia na funguo zake, amfungie ulimi!"

Wadogo walitetemeka. Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Mwaka huu alipoingia darasa la mwisho aliuacha mchezo, akawaachia wao. Wachezaji waliobaki walikuwa watano, na kiongozi wao alikuwa mvulana mmoja aliyeitwa Profesa, mtoto wa kinyozi.

Watano, aliwaza Chiriku akielekea shuleni. Sasa huyo mgeni wa sita ni nani? Na daraja ni nini? Neno hilo yeye hakulitunga.

Kila alipopata nafasi alimwangalia mdogo wake kwa jicho la wizi. Jua lilikuwa kali, lakini Kibiriti alikuwa amevaa sweta, mikono imevutwa hadi vidoleni. Wakiwa bado uani, mlango wa darasa ulipokwaruza sakafu, Kibiriti aliruka kama aliyechomwa. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake karibu na bomba la maji, akiyatazama maji yakidondoka, tone baada ya tone.

"Una nini?" Chiriku alimwuliza.

"Sina kitu."

"Vua hilo sweta basi, utaiva."

"Nasikia baridi, dada."

"Unasema ovyo usingizini. Wino umemwagika wapi?"

Uso wa mtoto ulibadilika kama taa iliyozimwa. Alifumba midomo, akaweka kidole juu yake, akakizungusha kama anayezungusha ufunguo. Halafu akaondoka mbio.

Chiriku alibaki pale, na kwa mara ya kwanza ile ishara aliyoibuni mwenyewe ilimtisha. Alikuwa bado amesimama alipowaona watoto wa darasa la pili wakicheza. Wawili walikuwa wamenyoosha mikono yao na kushikana, na wengine walikuwa wakipita chini yake wameinama. "Daraja limefunguliwa!" walipiga kelele. "Piteni, piteni!"

Daraja. Mkono!

Damu imemwagika mkononi.

Baada ya masomo hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja ndevu, na Profesa alikuwa akifagia nywele, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Karibu, Chiriku," alisema kinyozi. "Umekuja kunyolewa ulimi?"

Mteja alicheka nusura akatwe. Chiriku alijitahidi kutabasamu, akamvuta Profesa nje ya mlango.

"Mgeni wa sita ni nani?"

Profesa alitazama chini. "Kitabu kimefungwa."

"Mdogo wangu ameumia mkono. Nani kamuumiza?"

"Kitabu kimefungwa, Chiriku. Na sheria uliitunga wewe. Tukisema, atakuja." Huyu alikuwa mvulana anayejua majina ya sayari zote, lakini midomo yake ilikuwa inatetemeka. "Usiku namsikia mlangoni kwetu. Naapa namsikia."

"Unamsikia nani?"

Profesa alichukua ufagio wake akarudi ndani. Chiriku aliona kidole chake kimoja kimezungushiwa kitambaa kichafu.

Mtu mwenye busara angekwenda kumwambia mama. Lakini angesema nini? Kwamba wamekuwa wakiingia kiwandani miaka miwili mizima, wakati mama alikataza? Kwamba mwanzilishi ni yeye? Aliona heri kwanza ajue mwenyewe. Jua bado lilikuwa juu ya mapaa aliposukuma ubao uliolegea nyuma ya kiwanda na kujipenyeza dirishani.

Ndani kulikuwa na harufu ya vumbi la pamba na kitu kingine kibaya, kama kidonda. Mashine zilikwisha kuondolewa zamani, na sakafuni yalibaki mashimo ya parafujo, safu baada ya safu. Pembeni zilisimama sanamu za kuvalishia mashati, hazina vichwa wala mikono, zimefunikwa mashuka yaliyogeuka rangi ya majivu. Upepo ulipopita dirishani mashuka yalivuta pumzi, yakaishusha.

Katikati ya chumba palikuwa na bakuli mbili za bati. Moja ilikuwa na makombo makavu. Ya pili ilikuwa na maji, imejaa hadi ukingoni, na juu ya maji kulikuwa na utando wa vumbi na nzi aliyekufa.

Kisha akasikia. Krr. Krr. Makucha juu ya saruji.

Akili yake ilimwambia kimbia, lakini miguu haikusikia. Na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa, na mtu aliyemdhania kuwa yuko mbele yake alikuwa mzee, kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni kilikuwa salamu.

"Shikamoo, Mzee," alisema kwa sauti isiyofika mbali.

Hakuna aliyeitikia. Krr. Chini ya meza ndefu ya kukatia vitambaa, macho mawili yalimulika.

Alikuwa mbwa. Chiriku alimtambua kwa sikio lake moja jeupe: mbwa wa marehemu mlinzi, yule aliyetoweka siku ya mazishi, na ambaye kila mtu alidhani amekufa kwa huzuni. Alijaribu kusimama. Miguu yake ya nyuma ilimsaliti, akaanguka, akajikokota tena mbele kwa kucha. Taya lake lilining'inia, na uzi mrefu wa mate ulitoka mdomoni hadi sakafuni. Alitoa sauti ambayo haikuwa kubweka wala kulia. Macho yake yalimtazama Chiriku, na ndani ya macho yale hapakuwa na mbwa aliyemjua.

Chiriku alirudi kinyumenyume, taratibu, hadi mgongo wake ukagusa dirisha. Hakukumbuka jinsi alivyotoka. Alikumbuka tu kwamba alirudisha ubao mahali pake na kuuegemeza jiwe, na kwamba alikimbia mpaka kibarazani kwao bila kupumua.

Ndani, mama alikuwa akimpima mteja bega, pini midomoni, na shangazi alikuwa akipasi. Kibiriti alikuwa ameketi pembeni na sweta lake.

"Mama," Chiriku alisema akihema, "mwambie Kibiriti avue sweta. Kaumwa na mbwa. Yule mbwa wa Mzee Kufuli yuko kiwandani. Nimetoka huko sasa hivi."

Mama alitema pini mkononi. Alimtazama mteja, mteja akaelewa, akasema atarudi kesho. Kibiriti alilia na kujikunja, lakini mama alimshika kwa upole akapandisha sweta. Juu kidogo ya kifundo cha mkono palikuwa na alama za meno, zimevimba, pembeni pamekuwa pekundu.

Mara shangazi akaangua kicheko. "Kumbe mbwa! Jamani, kumbe mbwa tu! Na mimi nimekosa usingizi siku zote hizi, najifunika shuka hadi utosini! Wifi, mzimu wangu una mkia!"

Hata mama alishusha pumzi. Kitu kilichokuwa kimewakaba koo nyumba nzima sasa kilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa la kawaida. Alikifuta kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akakifunga kwa kitambaa safi. "Nyote wawili mna kesi na mimi," alisema, "na baba yenu akirudi mtakuwa na kesi na yeye. Kesho nikimaliza hizi sare nitampeleka akatazamwe. Haya, kaeni mle."

Kila mtu alitulia isipokuwa Chiriku. Aliketi mbele ya sahani yake, lakini chakula hakikupita. Wino ni damu. Daraja ni mkono. Mgeni wa sita ni mbwa. Kila neno lilikuwa limefunguka, isipokuwa mawili ya mwisho. Hanywi maji. Maji ni nini? Katika mchezo wake hapakuwa na siri iliyoitwa maji. Alijaribu: maji ni habari? Maji ni machozi? Hanywi machozi? Haikuleta maana yoyote.

Ndipo akaiona tena ile bakuli, imejaa hadi ukingoni, nzi akielea juu yake. Mchana kutwa kulikuwa na jua la kupasua mawe, na mbwa yule alikuwa amelala hatua chache tu kutoka hapo.

"Mama," alisema polepole. "Kibiriti alisema mgeni wa sita hanywi maji. Nilidhani ni fumbo. Si fumbo. Yule mbwa hanywi maji kabisa. Bakuli imejaa. Na mate yanamtoka, na miguu imekufa ganzi."

Mkasi aliokuwa akikatia sare ulimponyoka mama ukaanguka juu ya meza. Shangazi aliacha kutafuna.

"Vaa viatu," mama alimwambia Kibiriti. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Chiriku, na wewe. Wifi, zima jiko, funga mlango. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Na sare za watu?"

"Sare zitasubiri."

Hospitalini, muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzito na mikono mepesi. Aliposikia habari ya mbwa hakusubiri mengine. Alimpeleka Kibiriti kwenye bomba, akafungulia maji, akachukua sabuni, akaanza kukiosha kile kidonda. Aliosha, akaosha, akaosha. Chiriku alidhani hatamaliza.

"Robo saa nzima," alisema muuguzi bila kuinua kichwa. "Sabuni na maji yanayotiririka, hapo hapo unapoumwa, kabla ya kitu kingine chochote. Watu wengi hawajui. Sasa, mwanangu, nataka unieleze. Huyo mbwa mlimchokoza, au alikuuma tu?"

Kibiriti alifumba midomo, akazungusha kidole juu yake kama ufunguo.

"Alianza lini kubadilika? Amemuuma mtu mwingine? Amemlamba nani?"

Mama alianza kupandisha sauti, "Wewe, si unaulizwa!" lakini muuguzi alimzuia kwa mkono. Macho ya mtoto hayakuwa kwa muuguzi. Yalikuwa kwenye mlango, kama anayemngoja mtu aingie na funguo. Mwishowe alisema kwa sauti nyembamba ya usingizini:

"Mgeni wa kwanza ana wino mdogo kidoleni."

"Anasema nini huyu?" aliuliza muuguzi.

Chiriku alihisi uso ukimwaka. "Ni maneno ya mchezo wetu. Mgeni wa kwanza ni kiongozi, Profesa, mtoto wa kinyozi. Anasema Profesa naye ana jeraha kidoleni."

Muuguzi alimgeukia haraka. "Na wengine?"

Chiriku alichuchumaa mbele ya mdogo wake, akashika mkono wake usio na kidonda. Alitaka kutafuta neno zuri, lakini yeye mwenye maneno mengi alijikuta ana machache tu.

"Nisikilize. Yule anayefunga ulimi hayupo. Nilidanganya. Nilitaka tu muogope, nicheke. Mzee Kufuli hakuwahi kumfungia mtu kitu. Sheria niliitunga mimi, na mimi naifuta. Sema kwa maneno ya kawaida, mdogo wangu. Sema tu."

Kibiriti alimtazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukakunjamana, akalia kilio kikubwa kilichojaa chumba, na ndani ya kilio hicho maneno yakaanza kutoka. Walimkuta mbwa kiwandani miezi mingi nyuma, baada ya dada yake kuuacha mchezo, akikwaruza mlango uliotazama geti, akitaka kutoka kwenda kwenye kile kiti kilichokuwa wazi. Walimwonea huruma. Kila siku mmoja alimpelekea makombo. Walimfanya mgeni wa sita. Kisha wiki hii akaacha kula, akaacha kunywa, akawa anauma meza. Kibiriti alimsogezea bakuli ya maji karibu na mdomo, ndipo akamrukia. Profesa alimvuta mbwa nyuma, akachubuliwa kidole. Watatu wengine walikuwa dirishani, hawakumgusa siku hiyo. Walifunga kitabu wote, kwa sababu ya mama kukataza, na kwa sababu ya Mzee Kufuli, na kwa sababu watu wakijua wangemuua mbwa.

"Basi," alisema muuguzi. "Umefanya vizuri sana kusema." Akamgeukia mama. "Dalili zote ni za kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaanza kujionyesha kwa mtu, hatuna la kufanya. Tunalia tu. Lakini kabla haujajionyesha, chanjo inauzuia. Mmewahi. Mngengojangoja mpaka kidonda kikauke na mtu asahau, mngekuja tumeshachelewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama alikaa kwenye benchi ghafla, kama aliyekatwa miguu. Kesho nikimaliza sare, alikuwa amesema.

Kibiriti alichomwa dawa kuzunguka kidonda, kisha chanjo begani, na akaambiwa atarudi tena na tena mpaka amalize zote. Kabla hawajaondoka, kinyozi, ambaye shangazi alikwenda kumwita, aliingia mbio, taulo la mteja likiwa bado begani, akimvuta Profesa kwa mkono. Hakufanya mzaha wowote. Alimpakata mwanawe mapajani, mvulana mkubwa wa miaka kumi na miwili, na kumshikilia hivyo wakati sindano inaingia.

Kesho yake daktari wa mifugo alikwenda kiwandani na wenzake, wamevaa glavu nene. Walimkuta mbwa amekwisha kufa, amelala kando ya mlango uliotazama geti. Vipimo vilipotoka, vilithibitisha maneno ya muuguzi. Wale watoto watatu nao walipelekwa kupimwa na kuchanjwa. Mbwa wa mtaa mzima walikusanywa wakachanjwa, na madirisha ya kiwanda yakazibwa kwa matofali.

Chiriku hakulala vizuri siku zile. Mara nyingi alikuwa akiinuka na kusikiliza mdogo wake akipumua, na kila alipofumba macho aliona ile bakuli. Jioni moja mama alimkuta kibarazani, Kibiriti ameegemea bega lake. Mama alivuta kigoda akakaa.

"Mnajua nilifanya kazi kile kiwanda," alisema. "Nilikuwa nashona kola. Siku moja sindano ya mashine ilipita katikati ya kidole changu hiki. Nilikificha kwenye kitambaa, nikaendelea kushona, maana msimamizi alikuwa mkali na niliogopa kufukuzwa. Mlinzi aliiona damu hiyo getini wakati wa kutoka. Hakuniuliza mara mbili. Alinipakia kwenye baiskeli yake mpaka zahanati, akanisubiri nje. Mtu huyo ndiye mliyemfanya zimwi."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini nataka ujue jambo. Marehemu hakumfungia mtu ulimi. Sisi tulio hai ndio tunaofungiana, kwa vitisho, na wakati mwingine kwa ukali. Mimi pia nimo. Nilikataza kwa kelele, sikueleza kwa nini, na nilipoona mtoto anaweweseka nikageukia cherehani yangu." Alisogeza kigoda karibu zaidi. "Siri ya kuchekesha, chezeni nayo. Siri ya zawadi, ificheni. Lakini siri yenye maumivu ndani yake, siri yenye damu, yenye hofu, hiyo si siri. Hiyo ni ugonjwa. Ileteni kwa mtu mzima mnayemwamini siku hiyo hiyo, hata kama mliapa, hata kama mlivunja amri yangu mkiipata. Na kama mtu mzima huyo hakusikia, semeni tena, kama Chiriku alivyosema tena. Na kiwandani peke yako, Chiriku, usirudie. Ungeumwa wewe, nani angekuja kutuambia?"

"Sirudii, mama."

Kibiriti alikuwa akichezea ukingo wa bandeji yake. Hakuwa amewaka kwa siku nyingi, lakini sasa aliinua kidevu chake kidogo.

"Lakini mama, tukikuletea siri ya namna hiyo, si utatugombeza?"

Mama alifikiri. Hakutaka kumdanganya mtoto.

"Nitawagombeza," alisema. "Nitawagombeza sana, mpaka majirani watoke nje. Mtalia. Halafu mtanawa mikono, mtakula, mtalala, na asubuhi nitawaamsha mwende shule. Kugombezwa ni kwa walio hai, mwanangu. Wewe niletee tu."

Kibiriti alitafakari maneno hayo, akakubali kwa kichwa, kisha akasogea na kukaa mapajani mwa mama yake, ingawa miguu yake ilikuwa imeshakuwa mirefu mno kwa jambo hilo.